Mwalimu Aliyemuumba Sovela

Mwalimu hakuwahi kuingia dukani kwangu moja kwa moja. Alisimama kizingitini, kauntabuku kwapani, akangoja nimwone. Huenda nilikuwa na wateja wanne wanaotaka kurudufu vyeti, printa imemeza karatasi, umeme umekatika na kurudi mara mbili, naye yuko pale mlangoni anaangalia barabara kama mtu asiye na shida na yeyote. Mpaka niseme, "Shikamoo, Mwalimu," ndipo alipovuka.

"Marahaba. Umeamkaje?"

Hata ikiwa saa tisa alasiri, aliuliza nimeamkaje. Nilimjibu kwamba nimeamka salama, hata siku ambazo sikuamka salama. Kisha alivuta stuli ya plastiki, akafungua kauntabuku mahali alipobana unyasi, akaniambia amefika sura gani.

Kwa miaka kumi na moja nilimchapia kitabu chake. Kilikuwa kitabu cha mungu. Si Mungu wa kanisani, ambaye Mwalimu alimwomba kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Huyu alikuwa mungu wa kutunga, muumba wa dunia ya kutunga, mwenye milima yake na mito yake na wanyama ambao sijawahi kuwaona popote. Aliitwa Sovela. Nimechapa mambo mengi katika duka hili hapa Sumbawanga: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, risala, mitihani, wasifu wa marehemu. Mengi yamenichosha, na siku hizi macho na mgongo vinaniuma kabla ya saa sita. Lakini kurasa za Mwalimu nikizikumbuka, nazikumbuka mmoja mmoja.

Jina nilimuuliza mapema. "Mwalimu, Sovela ni Kifipa?"

"Si Kifipa."

"Basi ni la wapi?"

"Si la popote. Nilikaa mwezi mzima natafuta jina ambalo halina mwenyewe. Kila nililolipata, kuna mtu analo au kuna mto unaitwa hivyo. Sikutaka ugomvi na watu."

Huo ugomvi aliukimbia na ukamkuta. Nitaufikia.

Alinifundisha darasa la tano kule Mpui, kijijini kwake. Nikisema alinifundisha namaanisha pia alinichapa. Alikuwa na fimbo ya mkaratusi aliyoiweka juu ya kabati, na hakuwa na haja ya kuishusha mara kwa mara, maana kuitazama kulitosha. Alifundisha Jiografia kwa kuchora ubaoni Bonde la Rukwa lote, kutoka ukingo huu mpaka ule, bila kutazama kitabu, na ole wako ucheke chaki ikivunjika. Wakati huohuo, mwezi wa sita upepo ulipokuwa unakata masikio, ndiye mwalimu pekee aliyewasogeza wasio na sweta karibu na mlango wa jiko la shule, akasema wanasaidia kupanga kuni. Hakukuwa na kuni za kupanga. Sisi wenye masweta tuliwaonea wivu.

Kwa hiyo nilipoanza kuchapa sura za kwanza nilitegemea mungu mwenye fimbo. Sovela hakuwa nayo. Hakuwahi kumwadhibu mtu. Alikuwa mungu mchovu, mzito wa miguu, anayetengeneza kitu, anakiona kina kasoro, na hana uwezo wa kukitengua. Alianza na mawe kwa sababu mawe hayaulizi. Mvua aliitengeneza vizuri, ila hakujua kuizima. Ng'ombe walimgharimu usingizi wake wote. Aliwapa wao, ndiyo maana ng'ombe wanaweza kulala huku wanatafuna. Watu aliwatengeneza jioni ya siku ndefu, kwa mabaki, na akasahau kuwaambia kazi yao ni nini.

Siku moja nilijifanya mjuzi. Alikuwa ameandika, "Sovela akachoka." Nikaona neno hilo halimfai mungu, nikachapa, "Sovela akapumzika." Mwalimu aliisoma karatasi ile amesimama. Akavua miwani.

"Hapa umeandika nini?"

"Nimerekebisha kidogo, Mwalimu. Inasomeka vizuri zaidi."

"Umewahi kuchoka, wewe?"

"Kila siku."

"Ukichoka, unakuwa umepumzika?"

Nilirudia ukurasa mzima. Aliketi pale mpaka nikamaliza, hakunilaumu tena, na wakati wa kuondoka akaniachia mahindi mawili ya kuchoma aliyokuwa amenunua kwa ajili ya safari yake.

Kwa nini aliandika? Alitoa majibu tofauti kutegemea hali yake. Mara nyingi alisema amesahihisha kazi za watu miaka thelathini na kitu, sasa anataka kuandika kitu ambacho hakuna atakayeweka alama ya kosa. Lakini mara moja, umeme ulipokatika na sote tukawa tunaitazama kompyuta iliyozima, alinieleza jambo jingine. Zamani, kabla sijafika darasani kwake, mtoto mmoja wa kike alinyoosha kidole kwenye kipindi cha dini akauliza, "Mwalimu, Mungu alipoumba dunia, alikuwa amesimama wapi?" Darasa likacheka. Mwalimu alimtoa nje, akamweka juani mpaka kengele.

"Alikuwa anauliza swali," aliniambia. "Hakuwa anafanya utundu. Nilijua hivyo hata wakati namtoa."

"Ulimjibu baadaye?"

"Walihama. Jina lake silikumbuki. Nimejaribu."

Sura ya kwanza ya kitabu ndiyo jibu. Hapakuwa na mahali pa kusimama, kwa hiyo Sovela aliukunja mguu wake mmoja akaukalia. Aliketi hivyo mpaka mguu ukafa ganzi, na mguu ule uliokufa ganzi ndio ardhi. Damu ikijaribu kurudi, ardhi inatetemeka. Sisi wa huku tunayajua matetemeko; vikombe vinalia kabatini kisha vinanyamaza. Baada ya kuchapa sura ile, kila likipita moja, nilijikuta namhurumia mtu asiyekuwepo.

Mke wake hakusoma kitabu hicho. Alijua kusoma, ila hakutaka. Alikuwa mama mpole wa maneno machache, mkulima wa ulezi na maharage, na alipoulizwa kuhusu madaftari ya mumewe alisema, "Sisi tuna Leza tangu kwa babu zetu, naye ametutosha. Huyu wa Mwalimu namwachia mwenyewe." Leza ndiye Mungu kwa Kifipa. Alisema hivyo bila hasira. Ndiye aliyemfumia Mwalimu mfuko wa kubebea kauntabuku zisilowane na mvua.

Sasa nifike kwenye lile lililotokea, kwa sababu mimi ndiye niliyelianzisha.

Siku ya gulio wateja walikuwa wengi. Nilirudufu ukurasa wa sura ya tisa ulioandikwa kwa mkono, nikausahau juu ya kioo cha mashine, nikaenda kumhudumia mtu wa picha za pasipoti. Sura ile ilikuwa na maneno ya watu wa dunia ya Sovela wanaomwita muumba wao: wanaoweka kiganja chini na kusema, "Sovela, uliyetukalia, tusikie." Kijana mmoja aliyekuja kurudufu kitambulisho alifunua mashine, akasoma, akacheka, akaupiga ukurasa picha kwa simu. Nilimwona. Nilidhani ni utani wa vijana, nikamwambia tu, "Acha hizo, mshikaji, weka kitambulisho chako."

Siku ya tatu picha ile ilikuwa kwenye makundi ya wasapu kuanzia mjini mpaka Mpui, na mtu alikuwa ameongeza maneno juu yake: dini mpya, mwanzilishi ni mwalimu mstaafu. Mwandiko ulikuwa wa mkono wa Mwalimu, na nusu ya wilaya ilisoma kwa mwandiko ule ubaoni. Hapakuwa na cha kukana.

Jumuiya ya kanisa ilimwita. Mwalimu alikuwa katibu wao na mwimbaji wa sauti ya nne. Nami niliitwa kama mchapaji. Tulikaa sebuleni kwa mwenyekiti, mzee mwenye mashine ya kukamua alizeti, na paroko alikuja pia, amechoka na safari za vigangoni huko vijijini, matope mpaka magotini. Yeye ndiye aliyeuliza kwanza, kwa sauti ya kawaida tu.

"Mwalimu, huyu Sovela unamwabudu?"

"Hapana, Padri. Namhurumia."

Paroko aliinamisha kichwa. Nilidhani mambo yameisha. Angekuwa peke yake yangeisha. Alisema hadithi ni hadithi, na kwamba ameona hatari kubwa kuliko hiyo. Lakini mwenyekiti hakuridhika.

"Padri, kuandika ni jambo moja. Kusambaza ni jingine. Watu wanasali maneno haya? Yamefikaje kwenye simu zao?"

"Sikusambaza," Mwalimu alisema.

"Basi ukurasa ulitembea wenyewe?"

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye mashine. Ulimpa mtu karatasi hizi?"

"Sikumpa mtu," nilisema.

Na kweli sikumpa mtu. Nilisema ukweli uliokuwa kama uongo, nikatazama viatu vyangu. Ningeongeza sentensi moja tu, kwamba niliusahau kwenye mashine, kijana akaupiga picha. Lakini nusu ya wateja wangu walikuwa watu wa parokia, wanaleta kwangu risala na kadi zao za siri za michango, na niliogopa kuitwa mtu asiyetunza siri za watu. Nikanyamaza. Mwalimu akavuliwa ukatibu. Kwaya hawakumfukuza, ila waliacha kumwambia saa za mazoezi. Wazazi wakaacha kumpelekea watoto wa kusomeshwa hesabu. Alipopita, watoto walivuka barabara. Hakulalamika. Jumapili alikaa benchi lake lilelile, akaimba sauti ya nne kutoka hapo alipo, peke yake, wenzake wakiwa mbele.

Nadhani kitabu kingekufa hapo kama si mama wa Muze.

Muze iko chini, bondeni, kuelekea Ziwa Rukwa. Huko kuna joto na mpunga na biashara ya samaki, na ukitoka huko kuja kwetu juu unapanda ukingo mpaka masikio yanaziba. Mama huyu alipanda kwenye lori la mpunga akiwa na binti yake wa miaka saba, Skola, na kuku mweupe amefungwa miguu. Alishuka mjini akauliza mungu anayeandikwa yuko wapi. Mtu akamcheka, mwingine akamwonyesha duka langu. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye stuli siku hiyo.

"Shikamoo, baba," mama alisema. "Nimemleta mtoto kwa Sovela."

Mwalimu alinitazama kama vile mimi ndiye niliyesema.

Skola alikuwa anaanguka. Alianza akiwa na miaka minne: macho yanageuka, mwili unakakamaa, povu mdomoni, kisha analala. Walikuwa wamezunguka kwa waganga wa kila aina. Jirani yao mwenye simu alimsomea mama ukurasa ule wa wasapu, na mama, ambaye hakujua kusoma, alishika maneno yote kichwani. Aliweka kiganja sakafuni mwa duka langu, kati ya nyaya za kompyuta, akayasema neno kwa neno. "Sovela, uliyetukalia, tusikie."

"Mama, inuka," Mwalimu alisema. "Inuka, tafadhali. Huyo hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Hakwenda popote. Nimemtunga. Ni hadithi, kama za sungura."

Mama alimtazama usoni. Hakuwa mjinga, nilimwona anapima. "Baba, nimetoka mbali. Kama ni kuku hatoshi, useme. Usimfiche."

"Simfichi! Ningekuwa naye ningekupa!"

Ni mara pekee niliyomsikia Mwalimu akipaza sauti tangu darasa la tano. Na hapohapo Skola akaanguka. Alianguka kwenye kona ya karatasi, kichwa kikagonga sanduku. Mwalimu alipiga magoti haraka kuliko nilivyodhani mzee anaweza, akamlaza ubavu, akaweka koti lake chini ya kichwa, akaangalia saa yake. "Msimshike," alisema. "Mwacheni. Msimtie kitu mdomoni." Tulingoja. Mama alikuwa anasema maneno yale ya Sovela kwa kunong'ona, na Mwalimu hakumkataza. Ilipopita, mtoto akiwa amelegea, Mwalimu alimbeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji, wakaenda hospitali. Kuku alibaki kwangu, akatembea juu ya meza.

Walimwandikia kadi ya kliniki na vidonge vya kifafa, kimoja asubuhi na kimoja jioni, kila siku, miaka mingi. Leo ninapoandika haya Skola anamaliza darasa la saba na ni karibu miaka miwili hajaanguka. Nalisema sasa ili msomaji asihangaike naye. Wakati ule sisi tulihangaika.

Mama aliamini kabisa kwamba dawa imetoka kwa Sovela. Mwalimu alimweleza siku ileile, na mwezi uliofuata, na uliofuata. "Mama Skola, hii ni dawa ya hospitali. Ameiandika daktari. Mimi ni mtu wa kuchukua tu." Mama alisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Ndiyo, baba. Msalimie." Hakukubali kadi ihamishiwe kwenye kituo cha kwao Muze, ingawa ingemwondolea taabu. Dawa iliyopita mkononi mwa Mwalimu ndiyo aliyoiamini. Kwa hiyo kila mwezi Mwalimu alitoka Mpui, akapanga foleni kliniki, akachukua vidonge, akampelekea dereva wa gari la Muze ampe mama. Wakati wa masika, ukingoni magari yalipokwama, alikuja mapema wiki nzima ili dawa isichelewe.

"Mwalimu, mwambie tu ni ya Sovela, yaishe," nilimshauri siku moja. "Unajichosha."

"Nikisema hivyo, wale wa jumuiya watakuwa wamesema kweli. Nitakuwa na dini."

"Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

Mara moja alikwenda Mbeya kumzika dada yake, akakaa wiki tatu. Alikuwa ameniomba nichukue dawa mimi, nikachukua, nikaituma kwa gari. Mama alipoona imetoka kwangu aliiweka juu ya dari, akamngoja Mwalimu. Skola alianguka kwenye moto wa kupikia. Mkono wake wa kushoto hadi leo vidole viwili havikunjuki. Mwalimu aliporudi alishuka mpaka Muze mwenyewe, na sijui walisemezana nini huko. Aliporejea alikaa kwenye stuli, hakufungua kauntabuku, akasema tu, "Kumbe kusema kweli nako kuna mtu anaungua." Hakulisema kama jambo la busara. Alilisema kama mtu anayesoma majibu ya kipimo.

Nilimwambia siku hiyo. Sijui kwa nini nilichagua siku mbaya kama ile. Labda kwa sababu nami nilikuwa nimechoka kulibeba.

"Mwalimu, ule ukurasa wa kwenye simu. Mimi ndiye niliyeuacha kwenye mashine. Nilimwona kijana akiupiga picha. Na kikaoni nilinyamaza."

Alivua miwani, akaishika mapajani.

"Miaka minne," alisema. "Nilidhani ni mke wangu."

Sikuelewa.

"Nilidhani amempa dada yake wa kule kwaya. Nilimwuliza, akakana, sikumwamini. Tangu siku hiyo hajashika madaftari yangu. Nayafungia kwenye sanduku. Anapita mbele ya sanduku lile kila siku, anafagia kulizunguka."

Aliondoka bila kuaga, na miezi mitatu sikumwona. Dawa aliipeleka kwa dereva kwa kuzunguka nyuma ya soko asipite mbele ya duka. Mke wake ndiye aliyekuja mjini, akaketi kwangu, akanihadithia kwamba mumewe alimwomba msamaha akiwa amesimama wima katikati ya jiko, mikono nyuma, kama mwanafunzi. "Nikamwambia kaa, ule," alisema. "Nikakasirika baadaye, peke yangu shambani. Nawe pia nilikukasirikia. Sasa nimechoka kukasirika. Unaendeleaje na mgongo?" Mwezi wa nne tangu hapo, Mwalimu mwenyewe alisimama mlangoni. Aliketi, akafungua kauntabuku, akasema, "Sura ya kumi na nne." Hatukulizungumza tena jambo lile. Sikusamehewa kwa maneno, na sikuomba tena.

Kitabu hakikuisha. Kina sura kumi na saba, ninazo zote. Mwalimu tulimzika mwaka jana, mwezi wa saba, vumbi na upepo mtupu. Kwaya waliimba vizuri sana. Paroko mpya, ambaye hakujua habari za nyuma, alisema marehemu alikuwa mtu wa imani kubwa, na mwenyekiti wa jumuiya akaitikia kwa kichwa.

Lakini wiki chache kabla ya hapo aliniita. Mke wake alipiga simu akasema, "Anakuomba uje na kompyuta." Nilipanda basi la Tunduma asubuhi, nikashuka Mpui. Nilijua anataka kumaliza. Njia nzima nilikuwa nawaza Sovela atamalizaje, kama atanyoosha ule mguu, na dunia itakuwaje akiunyoosha.

Alikuwa amelazwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, ukuta unamkinga upepo, jua linampiga miguuni. Alikuwa amekonda mpaka sikio lake lilionekana kubwa. Mke wake alikuwa pembeni, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja nayo?"

Nikafungua kompyuta juu ya magoti, nikaitafuta sura ya kumi na saba.

"Achana na kitabu," alisema. "Andika barua. Ya Mama Skola."

Alisema polepole, anapumzika kati ya sentensi, nami nikachapa. Kwamba yeye ni mgonjwa na hatakwenda tena kliniki. Kwamba kadi ya mtoto imehamishwa kituo cha Muze, na muuguzi wa pale anayo taarifa yote. Kwamba dawa ni ileile, rangi ileile, daktari ni yuleyule aliyeiandika. Mtoto asiruke hata siku moja. Jirani amsomee barua hii mara mbili.

Alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Hatakubali," mke wake alisema bila kuinua macho kwenye ungo. "Utakufa, ataiweka darini."

"Najua."

"Basi?"

Mwalimu alitazama mbingu, ambayo ilikuwa tupu kabisa, bila hata wingu la kuangalia. "Andika," aliniambia. "Sovela anasema: dawa ya Muze ni dawa yangu."

Vidole vyangu vilisimama. Mke wake naye alisimamisha mikono.

"Baba," alimwambia, na alikuwa anamwita hivyo kwa nadra, "utakwenda na neno hilo mbele ya Leza?"

"Nitakwenda nalo."

"Miaka yote umekataa."

"Miaka yote nilikuwa na miguu ya kwenda kliniki." Akanigeukia. "Umeandika?"

Nikaandika. Akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya darasani, kavu, isiyopamba. Sovela anasema: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Sovela anasema: nilipo mimi ni popote mtoto anapomeza. Sovela anasema: usiwangoje wazee, wazee wanakufa.

"Jina lako niweke chini?" niliuliza.

"Weka lake."

Nikaweka. Kisha akataka nimsomee yote tangu mwanzo. Nilisoma. Alisikiliza amefumba macho, na nilipofika mwisho midomo yake ilikuwa inatembea pamoja nami.

"Rudia ule mstari wa vidonge."

"'Sovela anasema: tafadhali, kimoja asubuhi, kimoja jioni.'"

"Hiyo 'tafadhali' nimesema mimi?"

Sikuwa nimejua kwamba nimeiongeza. "Hapana, Mwalimu. Imetoka mkononi."

"Ifute. Mungu akibembeleza, yule mama atajua ni mimi."

Nikaifuta. Mke wake alikwisharudi kwenye maharage. Mwalimu alijigeuza ubavu, polepole, kuufuata ule ukanda wa jua uliokuwa unasogea, akaniuliza gari la Muze linaondoka saa ngapi kesho.

"Saa mbili asubuhi."

"Basi nenda sasa," alisema, "uiwahi printa kabla hawajakata umeme."